Matundu Ishirini, Bachi Ishirini na Tatu

Wenzangu wa chumba cha programu waliniomba, kabla sijarudisha kadi ya mlango, niwaachie maelezo ya kutunza ile programu ya kurudisha dawa. Nimeyaandika. Yako kwenye kabati la chuma, rafu ya pili, kurasa kumi na moja, na kurasa zina namba. Haya mnayosoma sasa ni mengine.

Sitasema habari za vyeo. Nitaeleza jinsi orodha ya namba ishirini na tatu ilivyokatwa ikawa ishirini bila mtu kuambiwa, na jinsi mwanamke mmoja anayeitwa Hadija, mtunza stoo wa kituo cha afya upande wa Kabuga, alivyoitwa mwongo na mwizi mbele ya wenzake kwa sababu hiyo. Bado nina hasira. Nimengoja ipoe ndipo niandike, haikupoa, nimeona niandike hivyohivyo.

Niliingia kazini kama mpiga chapa. Kampuni yetu ilikuwa ikisambaza dawa kwa vituo vya afya, na kazi yangu ilikuwa kuingiza fishi za stoo, zile kadi za karatasi ngumu zinazoandikwa dawa ilipoingia na ilipotoka. Kinanda kilikuwa cha Kifaransa, A mahali pa Q, na wiki ya kwanza niliandika majina ya dawa ambazo hakuna daktari aliyewahi kuzisikia. Sikuwa na cheti chochote cha kompyuta. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaani Gitega, na nilichotoka nacho kwake ni tabia ya kupima mara mbili.

Programu zote ziliandikwa na mtu mmoja, Madame Béata. Alikulia Bujumbura. Wakubwa alizungumza nao Kinyarwanda, vitabu vyake vilikuwa vya Kifaransa, na mimi na wapakizi tulisemeshwa Kiswahili. Siku moja alinikuta wakati wa mapumziko nimekaa nyuma ya kiti chake nikinakili yaliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta yake. Hakuuliza kwa nini. Alinipa kitabu kisicho na jalada, akasema nikirudishe nikiwa na maswali, nikikirudisha bila maswali nisiombe kingine. Kilinichukua miezi tisa. Nilirudi na daftari la maswali mia na kidogo, na yeye akajibu yote, machache kila siku, akiwa amesimama.

Niwaeleze sasa jambo ambalo wengi wenu mlilikuta limeshatatuliwa, kwa hiyo hamjui lilikuwa tatizo. Katika programu zetu za zamani, swali la kanzidata huandikwa ndani ya programu yenyewe, kama kitambaa cha ndani kilichoshonewa koti. Kabla programu haijakamilika, kitafsiri hulipitia swali na kuhesabu mahali ambapo thamani zitaingia. Kila mahali ni tundu moja, lenye nukta mbili mbele yake, na kila tundu hupokea thamani moja. Lakini mkononi una safu: namba tano leo, kumi na mbili kesho. Unataka kusema, niletee vituo vyote vilivyopokea mojawapo ya namba zilizo katika safu hii. Swali halikubali kupokea safu nzima. Linataka kujua tangu siku linaposhonwa litakuwa na matundu mangapi.

Nilimweleza baba jioni moja dukani kwake. Hakuona ugumu wowote. "Matundu ya vifungo huyakati mteja akiwa ameshavaa koti," alisema, akaendelea na kazi yake.

Njia ya Madame Béata ilikuwa hii. Shona matundu ishirini. Ukiwa na namba saba, jaza saba, kisha rudia ile ya saba mpaka matundu yaishe. Haina madhara, kwa kuwa mtu akitajwa mara kumi na nne katika orodha anabaki mtu mmoja. Ukiwa na zaidi ya ishirini, uliza mara mbili, mara tatu, ishirini kila mzunguko, kisha unganisha majibu. Hesabu zilizoingia, hesabu zilizoulizwa; hesabu mbili zisipolingana, simama.

Mimi nilijiona mwerevu. Katika programu yangu ya kwanza niliona kurudia namba ya mwisho ni ushamba, nikayaacha tupu matundu yaliyobaki. Swali lenyewe lilikuwa la kinyume: ni vituo gani havimo katika orodha hii ya vilivyokwisha kupelekewa dawa? Jibu lilikuja mara moja: hakuna. Niliteremka ghalani kwa furaha, nikawaambia madereva kazi ya wiki imekwisha. Wakaenda zao. Kesho yake vituo vinne vya milimani vilipiga simu kuuliza dawa ziko wapi.

Madame Béata alinikalisha chini. Aliniuliza: ukiwa na orodha ya watu, na jina moja limefunikwa kwa kidole, unaweza kuapa kwamba Sadiki, wewe mwenyewe, hayumo? Nikasema siwezi, huenda ndiye aliyefunikwa. Akasema kanzidata nayo haiwezi, kwa hiyo hainyoshei kidole kituo hata kimoja, inanyamaza, na wewe umeuchukua ukimya wake ukaufanya habari njema. Kisha akanipeleka kwa madereva nikawaeleze mwenyewe, mmoja mmoja, kosa lilikuwa la nani. Mmoja wao alinipokea kwa kuuliza kama na leo kazi imekwisha. Aliendelea kuniuliza hivyo kila asubuhi kwa muda wa mwaka mzima.

Baada ya hapo nilipewa kazi ya kuandika programu ya kurudisha dawa. Mtengenezaji akigundua bachi fulani za dawa, yaani mikupuo iliyotengenezwa pamoja, zina kasoro, hutuma barua yenye namba za bachi hizo. Unaziingiza, programu inatafuta vituo vilivyozipokea, na kila kituo kinatolewa barua: ondoa rafuni, funga, rudisha. Orodha hizo zilikuwa fupi, namba tatu, namba sita. Nilishona matundu ishirini, na mizunguko sikuiandika. Badala yake niliweka kizuizi. Ukiingiza namba ya ishirini na moja, programu ilisimama na kuandika: *Umeweka namba 21. Nafasi ni 20. Sijauliza kitu. Gawa orodha.*

Madame Béata aliisoma yote kwa kalamu nyekundu. Pale penye kizuizi aliandika pembeni, kwa Kiswahili, "Huu ni uvivu, lakini una adabu." Akaipitisha. Nilijua hakufurahi. Nilijua pia alichopitisha ni ile adabu.

Alistaafu akaenda Rwamagana. Ofisi ikahamia Remera, kwenye jengo la vioo, na tukapata mkuu mpya, Bwana Gasana. Alikulia Kampala, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, mcheshi, mwepesi wa kusaidia mtu mwenye shida ya nyumbani. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata nayo ni kweli. Aliamini kwamba programu isimgombeze anayeitumia. Ujumbe ukimkera mtu, ujumbe uondolewe. Alileta pia utaratibu mzuri: kila badiliko liwe na fomu, na fomu iwe na sahihi mbili, ya anayebadilisha na ya aliyesoma badiliko hilo.

Miaka ilipita. Halafu ikaja barua ya dawa ya maji ya kikohozi cha watoto. Bachi ishirini na tatu. Karani aliziingiza zote, programu ikachapa barua bila kulalamika, barua zikaenda. Wiki sita baadaye wakaguzi walizikuta chupa kumi na nane za dawa hiyo rafuni katika kile kituo cha upande wa Kabuga, zikiwa bado zinatolewa. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyedhurika. Lakini ilibidi mtu aulizwe, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo wa stoo.

Hadija alisema hakupata barua. Kampuni yetu ikatoa taarifa kwamba barua zote zilizohitajika zilitolewa, na kwa hiyo ama ameificha ama ameitupa, huenda kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa ikiuzwa kwa mlango wa nyuma. Barua ya tuhuma ilisomwa kwa sauti Jumatatu asubuhi, katika mkutano wa wafanyakazi wa kituo, wauguzi wamesimama, hadi mlinzi na mama wa usafi wakisikia. Akanyang'anywa ufunguo siku hiyo. Akapewa siku kumi za kujitetea, zikiisha angefukuzwa, na mtunza stoo aliyefukuzwa kwa dawa hapati stoo nyingine.

Siku ya saba alikuja Remera mwenyewe. Nilimkuta mapokezi saa tano, alikuwa ameketi tangu saa mbili, mfuko wa kitambaa mapajani. Gasana alikuwa kikaoni. Hadija aliponisikia nikimsalimia mlinzi kwa Kiswahili akainuka.

"Mzee, wewe ndiye wa kompyuta?"

Nikamwambia mimi ni mmoja wao.

"Basi uniulizie kompyuta yako." Alitoa fishi kwenye mfuko, imeandikwa kwa mkono mzuri, mistari haikupinda. "Bachi hii niliipokea, sikatai, nimeandika mwenyewe. Barua yake iko wapi?"

"Dada, ripoti inasema barua zote zilitoka."

"Mimi sitaki zote, mzee. Mimi nataka moja."

Mtu anaweza kufanya kazi na kanzidata miaka ishirini na nane na bado akahitaji kuambiwa hivyo na mtunza stoo. Nilimwomba aketi. Nilipanda juu, nikauliza kanzidata swali la namba moja tu, ile ya kwenye fishi yake. Ikajibu kwa mstari mmoja: kituo chake, chupa zilizopokelewa, tarehe. Nikauliza barua iliyotoka kwa kituo hicho. Hakuna.

Nikachukua barua ya mtengenezaji nikahesabu kwa kalamu: ishirini na tatu. Bachi ya Hadija ilikuwa ya ishirini na mbili. Nikafungua programu niliyoiandika mwenyewe. Kizuizi hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na mistari miwili iliyosema, kwa lugha ya programu: chukua ishirini za mwanzo, endelea.

Lililonichemsha damu, hata hivyo, lilikuwa ripoti. Ile ripoti iliyotumwa kumwangamiza Hadija, "zilizohitajika arobaini na moja, zilizotolewa arobaini na moja", ilitengenezwa kwa safu ileile iliyokwisha kukatwa. Tuliiuliza programu kama imewataja wote, nayo ikahesabu wale iliowataja ikasema ndiyo. Hiyo tuliiita uthibitisho. Tuliipiga muhuri.

Kabla ya kwenda kwa Gasana niliziuliza zile namba tatu zilizobaki. Vituo vingine vinne vilikuwa nazo. Nilivipigia simu papo hapo, nikataja bachi tarakimu moja moja na kuwataka wazirudie wenyewe nisikie, kisha waziondoe rafuni. Katika kimoja dawa ilikuwa imeisha. Sikuuliza imeishia wapi. Ningepaswa kuuliza.

Gasana alisikiliza vizuri, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Ni kasoro ndogo, mzee Sadiki. Tutairekebisha kimyakimya."

"Kimyakimya ndiyo kasoro yenyewe," nikamwambia. Nikasema mengine ambayo hayafai kuandikwa. Nikauliza ni mtu gani anayeona orodha ya dawa mbovu ni ndefu mno, akaamua tatu za mwisho si mbovu. Nikauliza kama angekata hivyo orodha ya mishahara.

Aliniacha nimalize. Akavuta faili, akatoa fomu ya badiliko, akaigeuzia upande wangu. "Sahihi ya kwanza ni yangu, sikatai. Isome ya pili."

Ilikuwa yangu. Fomu ilikuwa ya Ijumaa ile tuliyokuwa tunahamia Remera. Kichwa chake kilisema *Kuondoa ujumbe unaokera*. Nilikumbuka makabati yaliyokuwa mlangoni, nikakumbuka kwamba niliegemeza karatasi kwenye boksi. Kwamba nilifungua programu kuusoma ule mstari, sikuweza kukumbuka, kwa sababu sikuifungua. Mtoto wa fundi niliyefundishwa kupima mara mbili, siku hiyo sikupima hata mara moja.

Nimesikia wenzangu wakisema kwamba sahihi ya pili ni desturi tu. Naomba mliache neno hilo. Sahihi ya pili inasema: mimi nimesoma. Kama hukusoma, umeandika uongo, na uongo wako utakwenda kusimama mahali fulani kama shahidi dhidi ya mtu usiyemjua.

Hadija alirudishiwa ufunguo siku ya tisa. Programu niliiandika upya ndani ya wiki. Safu sasa haiingizwi kwenye matundu. Inamwagwa kwanza katika jedwali la muda, namba moja kila mstari, ziwe tatu au mia tatu, na swali linaunganisha jedwali hilo na la dawa. Programu huhesabu namba zilizoingia na namba zilizopata jibu au kukosa jibu, na huchapa hesabu zote mbili juu ya ripoti kwa herufi kubwa. Najua kwamba kanzidata za sasa zinakubali safu nzima kama thamani moja. Vizuri. Itumieni, lakini hesabuni. Na anayetaka kuzigandisha namba pamoja kwa alama ya mkato ziwe sentensi moja ndefu, halafu aipachike ndani ya swali, asome ukurasa wa nane wa yale maelezo, kisha aje nyumbani kwangu tuzungumze.

Kilichobaki ni barua. Tuhuma zilikuwa na kurasa mbili, jina la Hadija limetajwa mara kumi na moja. Marekebisho yetu yalikuwa mstari mmoja wa barua pepe kwa mkuu wa kituo: hitilafu ya kiufundi imetatuliwa. Hakuna jina, hakuna bachi, wala neno kwamba alisema kweli. Hadija alinipigia simu.

"Ufunguo wamenirudishia, nashukuru. Lakini jina langu bado liko kwenu. Pale wamenisomea mbele ya watu. Sasa hii ya kunisafisha inasomwa wapi? Ndani ya simu ya mkubwa?"

Niliomba ruhusa niende kusoma barua nyingine palepale iliposomwa ya kwanza. Gasana alikataa kwa upole. Alisema mfanyakazi haruhusiwi kuzungumza nje kwa niaba ya kampuni, na kwamba watu wamekwisha kusahau. Niliomba tena mara mbili kwa maandishi. Nilikuwa na miezi saba kabla ya kustaafu, na miezi hiyo saba nilitii. Nikiorodhesha makosa yangu ya kazini, hilo naliweka juu ya ile sahihi, maana siku ya sahihi nilikuwa na haraka, lakini miezi ile saba sikuwa na haraka yoyote. Hadija kila asubuhi alikuwa akiingia stoo, na mama wa usafi akimtazama mfuko wakati wa kutoka.

Nilirudisha kadi ya mlango siku ya Ijumaa. Jumatatu yake nilipanda basi Remera saa kumi na mbili asubuhi, nikashuka Kabuga, nikafika kituoni kabla mkutano haujaanza. Nilijieleza kwa muuguzi mkuu: sisemi kwa niaba ya kampuni yoyote, nimekuja kama mtu aliyetia sahihi. Alimtazama Hadija. Hadija akasema, "Muache aseme."

Nilisoma nilichoandika, ukurasa mmoja, kwa Kinyarwanda ili wote wasikie. Kwamba barua haikuandikwa kamwe. Kwamba programu niliyoitengeneza mimi ilikata orodha, na karatasi iliyoruhusu kukata ina jina langu. Kwamba fishi ya Hadija ilikuwa sahihi kuliko kompyuta yetu, na tulikuwa na uwezo wa kulijua hilo ndani ya dakika moja. Mama wa usafi alikuwa karibu na dirisha.

Nikakunja karatasi. Hadija akaniuliza kama nimeileta ile orodha ya mtengenezaji. Nilikuwa nayo.

"Uisome."

Nikaanza kusoma namba za bachi, moja moja, huku nikitaja ni ya ngapi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni jambo la kuchosha kusikiliza. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kujaa kwenye benchi nje. Nilipofika ya ishirini, muuguzi mkuu aliinua mkono kwa adabu, akasema inatosha mzee, tumeelewa.

Hadija alikuwa ametoa fishi yake na kalamu. "Hapana," alisema. "Aendelee."

Nikasoma ya ishirini na moja. Nikasoma ya ishirini na mbili, polepole, naye akaifuata kwa ncha ya kalamu tarakimu kwa tarakimu, akaweka alama. Kisha nikasoma ya ishirini na tatu, kwa kuwa nayo ilikuwamo.